Samaki Anayekaa Mafichoni

Mwezi huu sitaandika juu ya Petro na nyavu zake. Mahubiri ya namna hiyo umekwisha kuyasikia mengi, mengine kwangu mimi mwenyewe. Nataka kuandika juu ya samaki kabisa, wale wa kuliwa na ugali, na juu ya kijana mmoja aliyeniuliza swali gumu.

Kijana huyu ni wa kwaya yetu. Alikaa Misisi miaka mitatu katika mashimo ya dhahabu. Mwaka jana akarudi na begi moja, na vidole viwili vya mkono wa kushoto havipo, jiwe liliviponda. Tena alirudi na deni. Wewe unayekaa migodini unalijua deni la shimo: PDG anakulisha mwezi mzima mnatoa udongo mtupu, na kila sahani ya ugali inaandikwa katika kadaftari. Siku dhahabu inapoonekana, kadaftari kanakula mbele yako.

Mama yake alikuja nyumbani usiku. "Papa Pasta, uzungumze naye, asirudie kule." Kuzungumza ni rahisi. Nilizungumza. Kijana alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akasema: "Sawa, Papa Pasta, nisirudi. Basi hapa nitakula nini?"

Hana mtumbwi. Hana taa, hana nyavu. Ekipe ya ndakala inataka mitumbwi, mota, mafuta na watu wengi, na mwezi ukiwa mpevu wanakaa nchi kavu, maana taa haina kazi ziwa likiwa na mwanga. Mimi nami sina pesa za kumnunulia mtu mota. Nilikuwa na jibu moja tu, la babu yangu: ndoano mbili na uzi.

Vua mlango

Babu alikuwa mtu wa Ubwari, ile rasi ndefu unayoiona ng'ambo ukisimama ufukoni Baraka. Mzungu Burton alipofika ziwani mwaka 1858 alifikiri Ubwari ni kisiwa, kumbe ni mkono wa nchi kavu, na ghuba iliyo kati ya mkono ule na sisi inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Babu hakuwahi kuwa na taa. Alivua kwa ndoano karibu na nchi, mahali ambapo maji yanamfikia mtu kifuani au kichwani, na alilisha watoto saba. Alikuwa akiniambia: "Usivue ziwa. Vua mlango."

Nilichelewa kuelewa. Tanganyika ina urefu wa kilometa karibu 670, na kina chake kinafika mita 1,470. Duniani ni ziwa la Baikal tu la Urusi linaloipita kwa kina. Lakini kule chini sana maji hayana hewa, na samaki hawezi kuishi. Sehemu kubwa ya ziwa letu ni jangwa la giza. Ndakala na mikeke wanazunguka juu, katikati ya ziwa. Wengine wengi, zaidi ya aina 200 za jamaa ya ngege na kuhe, ambao karibu wote hawapatikani mahali pengine popote ulimwenguni, wanabanana katika ukanda mwembamba wa pembeni, penye mawe, mchanga na matete.

Na katika ukanda ule hawakai ovyo. Samaki mdogo akiogelea mahali peupe analiwa, kwa hiyo anakaa ndani ya matete, chini ya mti uliolala majini, katika nyufa za mawe. Samaki mkubwa anajua hivyo. Yeye haingii ndani, mwili wake hautoshi. Anasimama pembeni, pale matete yanapoishia, katika kivuli, uso ukitazama nje. Ndio mlango. Mdogo akitoka hatua moja tu, amekwisha.

Kivuli kina kazi kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Samaki hana kope za kufumba jua likimpiga. Tena aliye kivulini anamwona aliye kwenye mwanga, lakini aliye kwenye mwanga hamwoni wa kivulini. Wewe mwenyewe unajua: ukikaa ndani ya nyumba mchana, unamwona kila apitaye njiani, naye hakuoni.

Asubuhi ya kwanza nilimpeleka kijana wetu karibu na mdomo wa mto Mutambala. Alitupa ndoano mbali kadiri ya nguvu zake, kama anayetaka kufika Kigoma. Vijana wote wanafanya hivyo. Nikamwambia avute, atupe tena hapa karibu, mita moja tu kutoka kwenye matete. Akacheka. Alitupa, akangoja, hakupata kitu. Mara ya tatu au ya nne uzi ukanyooka, na kabla hajapumua samaki amekwisha kurudi ndani ya matete na kuuzungusha uzi kwenye mashina. Pa! Ukakatika. Hata hakumwona ni samaki gani. Lakini tangu dakika ile hakuniuliza tena kama pembeni kuna samaki.

Samaki wa Marekani

Nitaenda mbali kidogo, kisha nitarudi. Kuna samaki mmoja wa Marekani mwenye mdomo mpana sana, wanamwita blakibasi. Nadhani hakuna samaki mwingine aliyechunguzwa na wavuvi wa ndoano kama huyu. Mwaka 1929 alipandwa katika ziwa Naivasha, kule Kenya, akazaa, na wavuvi wa Naivasha wamemvua miaka mingi pembeni ya mafunjo, mahali pa maji mafupi. Alipata chakula kingi zaidi baada ya kamba wekundu wa mtoni kuletwa pale mwaka 1970, nao pia walitoka Marekani. Siku hizi Naivasha wanavua zaidi samaki wengine, kama karpu na ngege.

Sisemi aletwe kwetu. Hapana! Walioleta sangara katika ziwa Victoria miaka ya 1950 walifikiri wanasaidia, na sangara yule akamaliza aina nyingi sana za samaki wadogo wa pale, hazikurudi tena. Sisi tuna wetu wa kutosha. Ninamtaja blakibasi kwa sababu desturi yake ni ile ile ya sangala mchanga na kuhe: anavizia mlangoni. Mafundi wa kule wanasema yale yale aliyosema babu, ingawa babu hakusoma gazeti hata moja.

Blakibasi mkubwa kuliko wote alivuliwa tarehe 2 Juni 1932 katika jimbo la Georgia, na kijana wa mashambani jina lake George Perry. Uzito wake kilo 10 na kidogo. Ulikuwa wakati wa shida kubwa ya pesa Marekani. Ulipita miaka 77 kabla mtu mwingine kupata wa uzito kama ule, huko Japani mwaka 2009. Na samaki wa George Perry alikwenda wapi? Jikoni. Familia ilimla. Nilipomsimulia kijana wetu habari hii aliipenda kuliko mahubiri yangu yote, na sikukasirika.

Kazi yenyewe

Nenda mapema, kabla jua halijatoka milimani kule ng'ambo, au jioni linaposhuka. Saa hizo wadogo wanatoka kutafuta chakula na wakubwa wanawangoja. Mchana jua likiwa kali, samaki anaingia ndani zaidi ya kivuli, na itakubidi uweke ndoano hapo hapo mbele ya pua yake.

Nenda kimya. Samaki anasikia kwa ubavu: ana mstari tangu shavu mpaka mkia unaopokea kila mtikisiko wa maji. Ukigonga kasia kwenye mtumbwi, umebisha hodi. Upande wa Ubwari penye mawe maji ni meupe sana, unaona chini kama kupitia kioo, basi naye anakuona. Usisimame jua likiwa mgongoni mwako, kivuli chako kitafika kabla ya ndoano. Karibu na Mutambala baada ya mvua maji ni ya udongo. Hapo unaweza kusogea zaidi, na chambo kinachotikisika kinafaa kuliko kinachong'aa.

Uzi uwe mnene. Huku ndiko vijana wanakopotea: wanaona uzi mwembamba unapendeza, samaki hauoni. Ni kweli, katikati ya ziwa. Lakini penye matete samaki akishika anarudi nyumbani, na nyumba yake imejaa kamba na miti. Kwa hiyo uzi mnene, na ukisikia amekula usimchezee. Vuta mara moja, mtoe mlangoni, ndipo mpigane mahali peupe.

Chambo cha ngege ni kitu kidogo, nyungunyungu au kipande cha ugali. Kuhe na sangala wanataka samaki: ndakala mzima, au kipande cha ubavu chenye ngozi inayong'aa. Wengine wanatumia kipande cha bati kilichosuguliwa. Namna ya kupita kwenye majani bila kunaswa ni hii: ncha ya ndoano usiiache nje, izike ndani ya nyama ya chambo. Itateleza kati ya mashina, na samaki akiuma ndipo ncha inatoka. Kijana wetu, na vidole vyake vitatu vya kushoto, alijifunza kufunga chambo hivi vizuri kuliko mimi.

Mahali papya pa kuvua palitokea bila mtu kupaomba. Mwaka 2021, na zaidi mwaka 2024, ziwa lilipanda. Nyumba za pembeni ziliingiwa na maji, Kalemie, Uvira, hata kwetu. Watu walipoteza viwanja, na wengine wanakaa kwa jamaa mpaka sasa. Ninaona haya kusema, lakini kuta zile zilizozama na michikichi ile iliyokufa ikisimama majini, samaki wamezifanya makao. Kijana wetu alipata kuhe wake wa kwanza kwenye pembe ya ukuta wa nyumba ambayo mimi niliwahi kuketi barazani kwake nikinywa chai. Mwenye nyumba tulimpelekea nusu ya samaki. Akacheka, akasema: "Basi nyumba yangu imelipa kodi."

Kosa langu

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua.

Kuhe ni mmoja wa wakubwa kabisa katika jamaa zake duniani, anapita sentimita 60. Wakati wa kuzaa, dume na jike wanachagua mahali chini, jike anaweka mayai maelfu kwa maelfu, na wote wawili wanalinda. Mayai yakianguliwa wanalinda watoto, wiki baada ya wiki, watoto wakielea juu yao kama wingu. Wataalamu wanasema wakati ule wazazi hawali, wanakonda, na kuhe huzaa mara moja tu katika maisha yake, kisha anakufa. Maisha yake yote ameyaweka katika kundi lile moja. Blakibasi naye analinda, ila kwake ni dume peke yake.

Kuhe anayelinda ni rahisi sana kuvuliwa. Hana njaa, lakini kitu chochote kikiingia katikati ya watoto wake atakiuma akitoe. Nilijua hivyo nikiwa na umri wa miaka kumi na nne. Babu alikuwa amenikataza. Siku moja hayupo, nikashusha chambo katikati ya wingu lile, na jike akaja mbio. Nikamvuta. Nilipokuwa namwingiza mtumbwini nilitazama chini, maji yalikuwa meupe kabisa. Samaki wadogo wa mawe walitoka kila upande. Dume alizunguka, alizunguka, hakuweza kufukuza wote. Kabla sijamaliza kufunga kamba, lile wingu halipo.

Babu hakunipiga. Aliangalia tumbo la yule jike lililokonda, akasema tu: "Umevua na wajukuu zake." Mwaka 1996 vita vilituvusha kwenda Tanzania, babu alizikwa kule, na mimi nilirudi kwa meli kupitia Kigoma mwaka 2006. Nilipofika nilikwenda kwanza kuona matete ya zamani. Sehemu nyingine yamebaki, sehemu nyingine ni mchanga mtupu, watu wanakokota nyavu tangu asubuhi mpaka jioni.

Nyavu ya kukokota inafagia kila kitu, mayai, watoto, majani. Mustikeri ni mbaya zaidi: tundu lake dogo halimwachi hata wa ukubwa wa punje ya mchele, na ile dawa ya kuua mbu ni sumu kwa samaki pia. Watoto wa sangala wanakulia katika majani haya ya pembeni kabla ya kwenda vilindini. Kwa hiyo anayefagia pembeni anamvua pia samaki wa mwenzake aliye mbali na taa yake.

Nilisema maneno haya siku moja baada ya ibada, mbele ya akina mama. Mmoja, mkimbizi wa ndani aliyeteremka toka milimani na watoto watano, aliniuliza kwa upole: "Papa Pasta, mustikeri nitaiacha. Leo jioni unanipa nini?" Sikuwa na jibu, na tangu siku ile nimeogopa watu wenye mshahara wanaokemea mustikeri barabarani. Nchi nne za ziwa hili zilipatana kulipumzisha miezi mitatu kwa mwaka, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga upande wake siku hizo. Ni jambo jema. Lakini miezi mitatu mtoto halali njaa kwa kusubiri.

Jambo tulilofanya ni dogo. Wavuvi wa upande wetu, pamoja na yule mama, walipatana kuacha kipande kimoja cha matete bila kuguswa na nyavu yoyote, na wenye ndoano wavue nje yake tu. Tena anayeona kuhe wawili wamesimama juu ya wingu la watoto, anapita. Mara mbili mapatano yamevunjwa usiku. Tulikwenda kuzungumza na waliovunja, mmoja ni shemasi wangu.

Hatari, na neno kwa walio migodini

Penye matete na mdomo wa mto kuna mamba na kiboko. Usisimame majini gizani. Penye mawe kuna nyoka wa majini, jamaa ya swila, anayekula samaki. Hana ugomvi na mtu, lakini sumu anayo, umwache apite. Kichocho kinatoka kwa konokono wa majani ya pembeni, na vijidudu vyake vinatoka zaidi jua likiwa katikati, hiyo ni sababu nyingine ya kwenda alfajiri. Maji ya ziwa usiyanywe bila kuchemsha, kipindupindu tunakifahamu wote, Fizi na Baraka. Na kuanzia Mei upepo wa kusini ukivuma, mtumbwi mdogo ukae nchi kavu.

Wewe uliye Misisi au Lubichako utaniuliza juu ya mashimo ya zamani yaliyojaa maji na mito inayooshewa dhahabu. Kule nako kuna samaki wanaokaa mafichoni, najua, makrezeri wanavua. Ninakuomba usiwale penye kazi ya zebaki. Zebaki ikiingia kwenye matope inabadilika, inaingia kwa wadudu, kutoka kwa wadudu kwa samaki mdogo, kutoka kwa mdogo kwa mkubwa, na kila hatua inaongezeka. Samaki mkubwa anayevizia ndiye anayeibeba nyingi. Kumpika hakuitoi. Inaharibu akili ya mtoto angali tumboni mwa mama.

Kijana wetu bado ana deni. Hajarudi Misisi, lakini siwezi kukuambia hatarudi. Ndoano inampa chakula cha nyumbani na pesa kidogo ya soko, PDG anataka zaidi. Jumatatu, Jumatano na Jumamosi anavua, siku nyingine anabeba matofali. Juma lililopita alimleta mdogo wake wa miaka kumi kwenye ule ukuta uliozama. Nilikuwapo. Mtoto alitupa ndoano mbali kadiri ya nguvu zake, na kaka yake akamwambia avute, atupe tena hapa karibu.